Mchungaji Bila Kondoo

Chupa ni ndogo, ina shingo nyembamba na lebo ya rangi ya machungwa, na ni nadra kuikosa katika makabati ya jikoni ya Uingereza. Mpishi amekwisha kukaanga vitunguu, adesi zimeiva, siagi ya ng'ombe imebaki kwenye friji bila kuguswa. Anaonja. Anaona bado kuna kitu kimepungua, na mkono unajiendea wenyewe kabatini: matone manne, matano, ya ule mchuzi mweusi wa Worcester. Ladha inakaa. Kisha mgeni wake, ambaye ndiye hasa aliyepikiwa, anauliza kwa upole mna nini humo ndani, na chupa inageuzwa isomwe. Siki, molasi, sukari, chumvi. Halafu, katikati ya chumvi na ukwaju, dagaa.

Dagaa wa baharini, ndiyo. Lea & Perrins wanauza mchuzi huo tangu 1837, na samaki ni sehemu ya ladha yake. Sufuria nzima iliyoepushwa na mnyama imeingiwa na mnyama kwa matone matano.

Mgeni huyo ni mvigani, yaani mtu asiyekula chochote kilichotoka kwa mnyama: nyama na samaki hawali, lakini pia maziwa, siagi, jibini, mayai, hata asali. Hapo ndipo anapoachana na mla mboga wa kawaida, ambaye chai ya maziwa na mayai ya kukaanga havimsumbui. Na chakula alichokuwa akipikiwa ni kile ambacho Waingereza wengi hukitamani jioni ya baridi, mvua ikipiga dirishani na mtu hana nguvu hata ya kushika kisu. Wanakiita shepherd's pie, pai ya mchungaji.

Msomaji aliyezoea pai za sambusa na mikate ya nyama aondoe picha hiyo kichwani. Hii haina unga wa kukanda hata kidogo. Chini ya bakuli la kuokea kuna nyama ya kusaga, ile kima, ikiwa imelala katika rojo zito la kahawia pamoja na vitunguu na karoti. Juu yake limelazwa blanketi la viazi vya kuponda. Bakuli linaingia katika oveni mpaka viazi vigeuke rangi na rojo lianze kuchungulia pembeni likitokota. Kinaliwa kwa uma peke yake, au kwa kijiko ikiwa hakuna anayetazama.

Ondoa kima, siagi na maziwa, na inaonekana hakuna kilichobaki ila karoti. Ndivyo wapishi wengi walivyofikiri, na ndiyo maana pai nyingi za kivigani za zamani zilikuwa na ladha ya adhabu. Tatizo halikuwa kwamba nyama imeondoka. Tatizo ni kwamba iliondoka bila mtu kuuliza ilikuwa ikifanya kazi gani.

Jibu limo katika historia ya pai yenyewe, kwa sababu haikuanza kama chakula cha nyama nono. Ilianza kama njia ya kumaliza mabaki. Familia ikichoma paja la kondoo Jumapili, Jumatatu hubaki vipande vikavu na mifupa, na mama wa nyumbani hakuwa na nia ya kuvitupa. Jina la kwanza kuandikwa lilikuwa cottage pie, pai ya kibanda, nalo linaonekana mwaka 1791, wakati viazi vilipokuwa vimekuwa chakula cha wanyonge. Jina la mchungaji lilikuja baadaye, katika kitabu cha mapishi kilichochapishwa Edinburgh mwaka 1854. Siku hizi Mwingereza mshika sheria atakukatiza mezani akueleze kwamba ya mchungaji lazima iwe ya kondoo na ya kibanda iwe ya ng'ombe. Kitabu cha 1854 hakikujali hayo. Kinasema nyama baridi ya aina yoyote.

Ila kinasema jambo jingine lenye faida zaidi kwa mpishi wa leo. Kinaagiza mifupa ivunjwe na kuchemshwa mpaka nguvu yake yote itoke na maji yapungue yabaki kidogo sana, kisha mchuzi huo umwagiwe nyama, na uongezwe mchuzi wa uyoga. Uyoga, miaka 90 kabla neno vigani halijatungwa! Vipande vile vya nyama, vilivyokwisha kuchomwa mara moja, havikuwa na utamu mwingi wa kutoa. Pai ilisimama juu ya rojo.

Na viazi je? Wazee wa Kiswahili waliviita viazi ulaya, jina ambalo lingemchekesha Mzungu wa karne ya 17, kwa kuwa kwake vilikuwa mzizi mgeni kutoka milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Viliingia Ulaya mwishoni mwa karne ya 16, vikatazamwa kwa mashaka kwa muda mrefu, na vilipokubalika ilikuwa kwanza mezani kwa maskini.

Uingereza iliwahi kula pai isiyo na nyama kwa amri, au kwa karibu na amri. Mgao wa vyakula ulianza tarehe 8 Januari 1940, miezi minne baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kuanza, kwa nyama ya nguruwe ya chumvi, siagi na sukari. Nyama nyingine ziliingia katika mgao mwezi Machi. Muda mfupi baadaye Waziri wa Chakula akawa Lord Woolton, mfanyabiashara aliyekuwa akiendesha maduka makubwa kabla ya kuitwa serikalini, naye alijua kuuza. Katika jikoni ya hoteli ya Savoy, London, mpishi mkuu François Latry alitunga pai ya mboga, na ikapewa jina la waziri. Gazeti la The Times lilichapisha namna ya kuipika tarehe 26 Aprili 1941.

Ilikuwa hivi: viazi, koliflawa, tanipu na karoti, ratili moja ya kila kimoja, vikatwe vipande; vitunguu vya majani; kijiko kidogo cha ute wa mboga; kijiko cha oti za kukaza mchuzi. Vyote vichemshwe pamoja dakika kumi katika maji ya kuvifunika tu, vimwagwe kwenye bakuli, vifunikwe kwa viazi vya kuponda au kwa unga wa ngano usiokobolewa, vikaokwe. Ukichagua viazi, ile ilikuwa pai ya kivigani kamili, iliyobarikiwa na serikali ya Mfalme.

Watu waliila kwa kuwa vita ni vita, lakini haikupendwa, na mgao ulipokwisha kabisa, Julai 1954, nyama ikiwa ya mwisho kuachiwa, hakuna aliyeililia. Soma tena ile orodha na sababu inajionyesha. Hakuna kilichokaangwa. Mboga zote zimechemshwa kwa wakati mmoja, zote laini, zote tamu kidogo, mafuta hakuna. Kitu pekee chenye ladha ya kina, ya kukaa ulimini, ni kile kijiko kidogo cha ute wa mboga. Latry alikuwa bingwa. Mgao ulimfunga mikono. Hata hivyo kile kijiko kinaonyesha kwamba alijua pengo liko wapi.

Katika miaka hiyo hiyo ya njaa ya siagi, Leicester, mji wa viwanda katikati ya Uingereza, kulikuwa na mwalimu wa useremala aitwaye Donald Watson. Alizaliwa 1910 Mexborough, Yorkshire. Akiwa mtoto, shambani kwa mjomba wake, aliona nguruwe akichinjwa, na kilio kile hakikumtoka. Akiwa na miaka 14 aliacha nyama. Baadaye akaanza kujiuliza kuhusu maziwa pia, kwa hoja kwamba ndama wa kiume wa ng'ombe wa maziwa mwisho wake anaujua kila mfugaji. Novemba 1944 yeye, Dorothy Morgan ambaye baadaye alikuwa mkewe, na wenzao wanne walikutana London wakaanzisha chama. Walihitaji jina. Yalipendekezwa mengi, mengine ya kuchekesha: dairyban, vitan, benevore. Wakaishia kuchukua mwanzo na mwisho wa neno vegetarian, mla mboga, wakatupa katikati, na likabaki vegan. Watson alifariki 2005, akiwa na miaka 95, baada ya kuona neno lao limeandikwa kwenye pakiti za biskuti.

Leo neno hilo liko kila mahali Uingereza. Tangu 2014 kuna kampeni ya Veganuary, inayowaomba watu wajaribu ulaji huo mwezi mzima wa Januari. Januari 2019 maduka ya mikate ya Greggs yalianza kuuza soseji roli isiyo na nyama, mtangazaji Piers Morgan akakasirika hadharani, na hasira yake ikawa tangazo bora kuliko lolote ambalo Greggs wangelilipia. Wengine hufuata ulaji huu kwa huruma kwa wanyama, wengine kwa afya, wengine kwa hali ya hewa: watafiti wa Oxford waliochunguza ulaji wa Waingereza wapatao 55,000, na kuchapisha matokeo 2023, waliona kwamba chakula cha wavigani kinasababisha gesi joto pungufu kwa asilimia 75 kuliko cha wale wanaokula zaidi ya gramu 100 za nyama kwa siku. Lakini aliyebadilisha ulaji Januari, ikifika jioni ya nne ya baridi, hatamani takwimu. Anatamani pai ya mama yake.

Basi turudi jikoni.

Kazi ya kwanza ya kima ni kutafunika. Hapa adesi ndizo mkombozi, zile ambazo soko la Nairobi linaziita kamande, ila si kila adesi. Zile nyekundu zilizokobolewa hupondeka zikawa uji. Ni nzuri kwa supu, si kwa pai. Zinazotakiwa ni za kahawia au za kijani, zenye ganda, zinazoiva kwa dakika 20 hadi 25 na bado zikabaki punje. Gramu 250 zinatosha watu sita. Zinaepuliwa zikiwa bado na ukakamavu kidogo, kwa kuwa zitaendelea kuiva ndani ya rojo na tena ndani ya oveni. Wapo wanaotumia nyama ya soya, ile kavu ya kulowekwa, na inafaa, ingawa mwandishi huyu ataendelea kuamini kwamba inahitaji viungo vingi kuisahaulisha asili yake.

Adesi peke yake zina kasoro: hazina mafuta, na zina ladha ya udongo, tamu lakini ya upande mmoja. Ndipo unapoingia uyoga. Gramu 250 za uyoga wa kawaida, uliokatwakatwa mpaka ufanane na kima, unatupwa kwenye kikaango kipana bila mafuta. Zaidi ya asilimia 90 ya uyoga ni maji, na maji hayo yakiwa bado ndani hakuna kitakachogeuka rangi. Mwanzoni kikaango kinatoa sauti ya kuchemka, shshsh ya mvuke, na uyoga unasinyaa ukiogelea katika maji yake wenyewe, wa kijivu, usiovutia. Mpishi asiye na subira huongeza chumvi na mafuta hapo na kuendelea. Mwenye subira anangoja. Baada ya dakika saba au nane sauti inabadilika: inakuwa kavu, ya kupasukapasuka, kama vijiti motoni. Maji yamekwisha. Sasa ndipo mafuta yanaingia, vijiko vitatu na visiwe pungufu, na ndani ya dakika mbili harufu inageuka. Kingo za vipande zinakuwa za kahawia, na jikoni kunanukia kitu ambacho mtu akiwa sebuleni angeapa ni nyama.

Hajakosea sana. Harufu ya nyama choma kwa sehemu kubwa haitoki kwa nyama, inatoka kwa moto: protini na sukari zikipata joto kali mahali pakavu huungana na kuzaa mamia ya vionjo vipya. Mkemia wa Kifaransa Louis-Camille Maillard alieleza jambo hilo mwaka 1912, na linatokea vilevile kwenye ganda la mkate, kwenye kahawa ikikaangwa, na kwenye kitunguu kinachoachwa motoni bila haraka. Pai ya Woolton iliyachemsha yote. Huo ndio msiba wake.

Kwa hiyo vitunguu viwili navyo vinakaangwa, pamoja na karoti mbili zilizokatwa vipande vidogo na bua la seleri, dakika 10 kwa uchache. Kitunguu saumu kinafuata, na majani ya zaatari. Kisha vijiko viwili vya nyanya ya kopo, ambavyo havimwagiwi maji papo hapo; vinakandamizwa kwenye sufuria vikaange mpaka wekundu wa nyanya ushuke na kuwa wa matofali. Kijiko cha unga wa ngano kinanyunyizwa juu na kukorogwa, kwa sababu mifupa ya 1854 ilikuwa ikitoa ute uliokaza mchuzi, na sasa lazima kitu kingine kifanye kazi hiyo. Wengine hutupia na jozi zilizopondwa, kiganja kimoja, kwa ajili ya mafuta na kitu cha kuuma.

Na sasa ule ute wa mboga wa Latry, ambao leo nafasi yake huchukuliwa na ute wa hamira. Burton upon Trent ni mji wa bia, na penye bia hubaki hamira nyingi. Mkemia wa Kijerumani Justus von Liebig alikwishaonyesha katika karne ya 19 kwamba hamira hiyo inaweza kukolezwa ikaliwa. Mwaka 1902 kiwanda kikaanzishwa Burton kuifanya biashara, na ndiyo ikaitwa Marmite. Ni nyeusi, inanata kama lami ya jua la mchana, na ina chumvi ya kukunja uso. Waingereza hupaka kwenye mkate, na wamegawanyika kuhusu jambo hilo kama mashabiki wa Simba na Yanga. Ndani ya sufuria hakuna ugomvi. Kijiko kidogo kimoja kinayeyuka na kupotea, na rojo lote linapata kina ambacho halikuwa nacho. Siri ni glutamati, kile ambacho Kikunae Ikeda wa Tokyo alikitenga kutoka kwa mwani mwaka 1908 na kukiita ladha ya umami. Hamira imejaa glutamati. Nyanya pia, na uyoga pia. Marmite huongezewa vitamini B12, ambayo mboga hazina na mvigani lazima aitafute mahali, ama kwenye vyakula vilivyoongezewa ama kwenye vidonge.

Linabaki suala la ile chupa. Kwa bahati nzuri, Sheffield wana yao. Henderson's Relish inatengenezwa katika mji huo wa chuma tangu karne ya 19, ina rangi ile ile na ukali ule ule wa siki, karafuu na pilipili, na ukwaju ndio unaoipa uchachu. Dagaa hamna. Wenyeji wa Sheffield waliipenda muda mrefu kabla ya mtu kuwaambia kwamba ni ya kivigani, na watakuambia pasipo kuulizwa kwamba ya Worcester haiifikii. Na inafaa kutua kidogo kwenye huo ukwaju. Michuzi miwili ambayo Waingereza huiona kuwa yao kuliko yote inachachuliwa na tunda ambalo halioti katika kisiwa hicho. Mpishi wa Tanga au Lamu asiye na Henderson's hana haja ya kuiagiza: ukwaju ulioloweshwa, siki kidogo, sukari guru, karafuu moja na pilipili manga, na yuko karibu sana.

Adesi zinarudi sufuriani, pamoja na uyoga, nusu lita ya maji ya mboga, kikombe cha njegere ukipenda, na vyote vinatokota taratibu mpaka kijiko kikipita chini ya sufuria kiache njia inayochelewa kufunga. Kisha vinamwagwa kwenye bakuli la kuokea na kuachwa vipoe. Hatua hiyo inarukwa na wengi. Viazi vikiwekwa juu ya rojo la moto huzama pembeni, na kinachotoka kwenye oveni ni uji wa rangi mbili.

Viazi vyenyewe viwe vya unga, vile vinavyopasuka vikichemka. Uingereza wanaapa kwa King Edward, aina iliyotoka 1902, au Maris Piper ya 1966. Kilo moja, imenywe, ianzie katika maji baridi yenye chumvi. Vikiiva vinamwagwa maji na kurudishwa kwenye sufuria tupu juu ya moto mdogo dakika moja, vikitikiswa, mpaka vitoe mvuke na kingo zake ziwe kama zimepakwa chokaa. Sasa vinapondwa kwa mkono. Kwa mkono tu! Kiazi ni vifuko vidogo vya wanga, na kisu cha blenda huvipasua vyote kwa mpigo. Wanga unamwagika, na viazi vinageuka gundi ya kubandikia mabango.

Siagi ya ng'ombe ni mafuta kwa takriban asilimia 80, kwa hiyo mbadala wake lazima uwe mafuta kweli: ama mafuta ya zeituni, ama majarini ya mimea. Hapa tena lebo isomwe. Majarini ya kwanza, aliyoivumbua Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès mwaka 1869, ilitengenezwa kwa mafuta ya ng'ombe, na hata leo baadhi ya majarini zina maji ya maziwa ndani.

Kuhusu maziwa, kuna ya soya na ya oti. Yasiwe na sukari. Yenye vanila yamewahi kugeuza pai ya watu kuwa keki. Kisheria hayaruhusiwi hata kuitwa maziwa. Mahakama ya Ulaya iliamua mwezi Juni 2017, Uingereza ikiwa bado mwanachama wa Umoja wa Ulaya, kwamba neno hilo ni la kile kinachokamuliwa kwa mnyama, na pakiti huandikwa kinywaji cha oti. Mswahili anaweza kutabasamu, kwa kuwa hakuwahi kuwa na kesi hiyo: kinachokamuliwa kwa ng'ombe ni maziwa, kinachokamuliwa kwa nazi ni tui, na hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa. Tui la oti lingekuwa jina safi. Ila atakayeona hapo nafasi ya kutia tui la nazi ajue kwamba halijifichi. Atakuwa amepika viazi vya nazi juu ya adesi, chakula kitamu sana, lakini cha pwani nyingine.

Viazi vinatandazwa kuanzia kingo kwenda katikati, ili vifunge bakuli, kisha uma unapitishwa juu yake mistari kwa mistari kama shamba lililolimwa matuta. Si urembo. Vilele vya matuta hupata moto kwanza, na bila siagi wala jibini juu, viazi vya kivigani huwa vyeupe kama maiti visiposaidiwa. Brashi ya mafuta ipite juu. Oveni iwe nyuzi 200, dakika 25 hadi 30, na mwisho dakika tatu za moto wa juu.

Wasio na muda hununua. Viwanda vya Uingereza vimo katika mbio hizi tangu zamani: mwaka 1967, katika udongo wa Marlow, Buckinghamshire, iligunduliwa kuvu ambayo ingeweza kukuzwa kwenye mapipa na kuwa na nyuzi kama nyama. Ndiyo Quorn, na bidhaa yake ya kwanza kufika dukani, 1985, ilikuwa pai. Ila kwa miaka mingi ilishikanishwa kwa ute wa yai, ikawa ya wala mboga lakini si ya wavigani, na mpaka leo si kila pakiti yake ni ya kivigani.

Leicester ya Watson nayo haikubaki kama alivyoiacha. Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda mwaka 1972 na kuwapa siku 90, baraza la mji huo lililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwaomba wasije Leicester. Walikuja kwa maelfu. Wengi walikuwa Wagujarati wala mboga, wasiohitaji mtu wa kuwafundisha adesi, ingawa samli na mtindi walivikumbatia. Walikuja pia na maneno. Mikahawa yao huko, na ya London, huuza mogo wa kukaanga, na mogo huyo si mwingine ila muhogo wetu. Katika maduka yao adesi za kahawia na ukwaju wa mafungu viko rafu moja, na kinachotakiwa hapo ili kumaliza pai ya mchungaji ni gunia la viazi tu.

Kesho yake ndipo pai hii inapokuwa yenyewe, kama inavyostahili chakula kilichozaliwa na mabaki. Usiku kucha adesi zimekunywa rojo na limekaza kiasi cha kukatika kwa kisu. Kipande cha mraba kinawekwa kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, upande wa viazi chini, na hakigeuzwi mpaka kiachane na kikaango chenyewe kwa hiari. Ganda lake linakuwa la rangi ya mandazi. Chupa ya Sheffield iko mezani, na mwenyeji ameigeuza lebo ielekee kwa mgeni.